Maganga Alipovaa Ovaroli Yako

Baba Rehema,

Huna adabu. Naanza na hilo, salamu zitafuata nikishapoa. Mtu mzima umeishi na mke miaka yote hiyo, una mtoto, una wajukuu, una dada mwenye mdomo kama Mwanahamisi, halafu unaondoka kimya kimya kama mtu anayetoka kwenda dukani kununua kiberiti. Hakuna neno. Hakuna fulani afanye hivi, fulani afanye vile. Uligeukia ukutani pale hospitali ukalala, na mimi nimekaa pembeni na kikombe cha uji nangoja uamke unywe. Ule uji nilikwenda kuumwaga mwenyewe. Mengine nimekusamehe. Ule uji bado.

Sasa sikiliza balaa ulilotuachia. Usitishike, limekwisha, na jana nimecheka mpaka mbavu zinaniuma, ndiyo maana leo nimechukua daftari. Mwandiko wangu unaujua, ni ule ule wa kisomo cha watu wazima, herufi zinapanda mlima. Utavumilia. Na utasoma lote, hutainuka katikati kwenda kutazama pampu ya mtu.

Ilianza siku ya arobaini yako. Watu walijaa uani mpaka wengine wakakaa kwa jirani. Walitoka Kisanga, walitoka Lumuma, watu ambao hata majina siyajui, kila mmoja ananishika mkono: "Bi mkubwa, mzee alinifungia mashine ya kusaga, mpaka leo inasaga." Nilijisikia vizuri, sikufichi. Dua ikasomwa, pilau ikaiva, watu wakaanza kula. Ndipo akatokea Maganga.

Unamjua Maganga wako. Mnyamwezi huyo, babu yake aliletwa na kazi ya mkonge akasahau kurudi kwao, na wewe Msagara, basi utani wenu hauna likizo. Maisha yote mmetukanana barabarani mpaka wageni wanakimbia wakidhani mtachinjana. Siku ya kukuzika aliingia kaburini kabla yako, akajilaza, akasema shimo ni zuri mno kwa Msagara, hatoki mpaka apewe jogoo. Tulimpa jogoo. Yule mwekundu, ndiyo, usiniulize zaidi.

Siku ya arobaini alitokea nyuma ya nyumba amevaa ovaroli yako ya bluu, yenye doa la grisi gotini. Spana mfukoni, penseli sikioni. Anachechemea mguu wa kushoto. Anakohoa kikohozi chako. Akapewa chai, akainusa kwanza kama unavyonusa wewe, kana kwamba mimi nakutilia sumu. Watu walianguka kwa kicheko. Mimi nilicheka huku machozi yanashuka, maana, Baba Rehema, kwa dakika ile ulikuwepo. Nusura nikuambie uvue viatu.

Kisha akasimama juu ya kigoda, akasema kwa sauti yako ya puani: "Nyie mnakula tu pilau yangu. Mimi naondoka, lakini mjukuu wangu Tatu asome uinjinia. Kazi ni kushika chuma. Kazi ya mdomo na kalamu ni ya wavivu, kama huyu mke wangu aliyeshinda stesheni miaka yote akipiga domo na abiria!"

Nikamrushia mwiko. Watu wakacheka. Ingeishia hapo, kama dada yako angekuwa mtu wa kawaida. Lakini Mwanahamisi akainuka, mikono kichwani, analia: "Ni yeye! Ni kaka yangu! Mmesikia wote? Tatu asome uinjinia! Huo ndio wosia!"

Utani wa Mnyamwezi ukageuka wosia wa Msagara. Mbele ya sinia la pilau.

Tatu wetu yuko vile vile ulivyomwacha, mwembamba, macho makubwa, anauliza maswali mpaka mtu unachoka. Matokeo yake ya kidato cha sita yalitoka baada ya kukuzika. Daraja la kwanza, Baba Rehema. Fizikia, kemia, hesabu, yote. Rehema alinipigia simu kutoka Magole, analia, nikamwambia acha kulia ueleze, nikadhani shamba limechukuliwa na maji. Kumbe mwanawe amefaulu. Nikatoka nje nikawaambia kuku, maana ndio niliowakuta.

Kwa hiyo mtoto ana akili ya kwenda popote. Na akawa hawezi kwenda popote. Kila siku simu: shangazi huyu, binamu yule. "Tatu, usimwangushe babu." "Tatu, neno la marehemu ni zito." Mwanahamisi alizunguka mji mzima na wosia wake kama anayetembeza kadi za harusi. Nikamfuata mpaka kwake. Nikamwambia, "Wifi, Tatu ni mtoto wa Rehema, Rehema ni mtoto wangu, na sisi ukoo unafuata mama. Nyinyi wa upande wa marehemu mmekula pilau, mmeshiba, mmeshukuru, basi." Akanijibu, "Ukoo ni wako, sawa. Wosia ni wa kaka yangu." Shehe wa msikiti wetu alipoulizwa kama wosia unaweza kutolewa siku ya arobaini na mwenye wosia yuko kaburini, alicheka mpaka kofia ikadondoka. Lakini dada yako hakucheka.

Na mimi nikakosea. Nakuambia wewe peke yako, maana wengine watanishika nalo. Lile neno la kupiga domo lilinichoma. Nikasema mbele ya watu: "Basi Tatu hasomi uinjinia ng'o. Atasoma biashara. Atasoma kazi ya mdomo, tuone nani mvivu!"

Mimi nilipiga domo? Treni ya zamani ilikuwa inasimama muda mfupi tu, na kwa muda huo nimeshauza wali, nimeuza kuku, nimerudisha chenji dirishani, na mama mmoja nimemwambia mtoto wako ana homa, shuka umpeleke hospitali. Nilijua kwa kutazama uso nani atanunua na nani anataka kuonja bure. Wewe ulifunga mashine moja kwa siku tatu. Mwezi ambao mashine za watu ziligoma kuharibika, tulikula nini? Tulikula mdomo wangu. Sawa, na treni ilipokuwa haiji tulikula spana yako. Hilo nalo naandika, mimi si mwongo.

Lakini mtoto ndiye aliyebanwa. Akaacha kuuliza maswali. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamkuta uani amekaa kwenye jiwe la kufulia, simu mkononi. Maombi ya chuo siku hizi yanajazwa kwenye simu, na dirisha lilikuwa linafungwa wiki ile. Nikamwambia, "Jaza." Akasema, "Nijaze nini, bibi? Nikijaza uinjinia, watasema ni ovaroli ya babu. Nikijaza biashara, watasema nimemdharau, au nimemwogopa bibi. Hakuna nitakachojaza kikawa changu. Basi sisomi."

Sisomi! Mtoto wa daraja la kwanza! Nilitaka kumchapa. Nikakaa naye juu ya jiwe.

Ndipo akanitolea hili. Kumbe kule hospitali, mimi nimetoka kwenda kuchota maji, alikuuliza: "Babu, nisome nini?" Na wewe, bubu wewe, ukamjibu: "Muulize bibi yako. Yeye ndiye anayejua watu wanalipia nini."

Miaka yote. Miaka yote, Baba Rehema, hukuniambia mimi neno hilo hata mara moja. Ulikula chakula changu, ukafuta mdomo, ukasema "Mashine ya Lumuma imepasuka mkanda." Na kumbe ulikuwa unatazama. Nilimwambia Tatu anipishe nikapige chafya, nikaingia ndani nikalia kwenye pipa la unga. Halafu nikakasirika tena, maana umenitupia swali ambalo jibu lake sina. Mimi najua watu wanalipia nini stesheni. Ya huko kwenye vyuo na maofisi nitayajulia wapi?

Nikamwambia Tatu, "Sijui. Vaa viatu, twende tukaulize."

Tulianza na Injinia Neema. Wewe humjui, alihamia ulipokwishaondoka, amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Ni wa treni ya umeme, mambo ya nyaya na taa za ishara. Binti mdogo, nilidhani mwanafunzi. Tulimkuta Jumapili ametoka kanisani. Nikamwuliza, "Mwanangu, unalipwa vizuri?" Tatu akanifinya. Neema akacheka. "Nalipwa vizuri, bibi. Nilipomaliza chuo sikukaa sana nyumbani, kazi ikanifuata." Lakini akasema, "Bibi, mambo mengine niliyosoma mwaka wa kwanza yameshapitwa. Mitambo ikibadilika na mimi nabadilika, nasoma kila siku kama mtoto wa shule." Kisha akasema jambo nikaliweka moyoni: "Bosi wa bosi wangu hajawahi kushika waya. Anajua kupanga watu na kuzungumza na wenye mikataba. Mshahara wake na wangu haiwezi kukaa kwenye meza moja."

Nikamtazama Tatu: umesikia? Hakunisikia hata mimi. Simu ya Neema ilikuwa imelia, mtu huko kazini anaeleza hitilafu, na Neema amefumba macho anasikiliza, anasema, "Fungua kasha la pili. La pili, siyo hilo. Umeona?" Yule wa kazini akaona. Neema alipokata simu, Tatu akamwuliza swali ambalo sikulielewa hata neno moja. Neema akaweka kikombe chini, akatafuta karatasi, akachora. Wakachora wote wawili. Chai ikapoa. Mimi nikala karanga zote peke yangu, na hakuna aliyegundua.

Siku ya pili yake tukapanda basi kwenda Mikumi kwa Stumai, binti wa Mzee Chande aliyekuwa jirani yetu. Unamkumbuka, aliyekuwa anakuja kuomba moto? Sasa ni meneja wa hoteli ya watalii, amevaa saa, anaendesha gari lake mwenyewe. Shikamoo yake iko pale pale, alipiga goti mbele ya wageni wote, nikavimba kichwa. Alianza kwa kutandika vitanda, akasomea hoteli miaka miwili, akapanda ngazi moja moja. "Bi mkubwa, mshahara wangu wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Wenzangu waliosomea ufundi walinipita mbali, wakanunua pikipiki mimi natembea kwa miguu. Leo wengi wao nawazidi. Lakini wageni wakipungua, wa kwanza kuulizwa ni mimi."

Tukiwa tunazungumza, nyani akaruka dirishani akachukua mkate kwenye sahani ya mzungu mmoja, akakaa juu ya ukuta anaula anamtazama. Mzungu akawaka! Stumai akaenda, akasema maneno machache, sijui alisema nini, yule mtu akaanza kucheka, kisha akaomba apigwe picha pamoja na nyani. Baba Rehema, nilijiona mimi mwenyewe. Ni kazi yangu ile ile ya stesheni, ila na kiyoyozi. Nikasema moyoni, hii ndiyo ya Tatu. Hapa ndipo pake.

Nikageuka kumwambia. Hayupo. Nikamkuta nje, amechuchumaa, anamwuliza mlinzi ule uzio wa umeme unaozuia tembo unapata wapi moto, na mbona tembo hafi.

Stumai naye hakunisaidia. Alipokuwa anatusindikiza akasema, "Kijana anayetunza umeme na kompyuta zetu nambembeleza kama yai. Akiacha kazi asubuhi, mchana ameajiriwa kwingine. Mimi nikiacha, nitaandika barua za kuomba kazi mpaka wino uishe."

Kwenye basi nikampa Tatu jibu lako, maana uliniachia mimi. Nikamwambia, "Nimetazama. Pesa nzuri ziko pande zote mbili, asikudanganye mtu. Za spana zinawahi kuja, ila mtambo ukibadilika unaanza kusoma upya. Za mdomo zinachelewa, wengi wanaishia chini, lakini anayefika juu anaweza kumpita mwenye spana. Na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Hicho ndicho ninachokijua. Kuchagua sichagui. Nilisema biashara kwa hasira, nimefuta."

Tulipokaribia kwetu Kilosa akanivuta khanga. Akasema, "Na wosia?"

"Wosia niachie mimi."

Nikaenda kwa Maganga. Anakula mihogo. Nikamwambia, "Utavaa ile ovaroli tena, ufute ulichosema." Akakataa. "Shemeji, ya mtani hayarudi nyuma. Na tena nilikuwa nafikiria kukurithi, ila wewe mkali." Nikamwambia, "Nirithi uone. Utakufa kabla ya Ijumaa, halafu Wasagara ndio tutakaolala kwenye kaburi lako." Akacheka mpaka mhogo ukampalia. Nilipomweleza kwamba mtoto amegoma kusoma kwa sababu yake, kicheko kikamwisha. Kumbe hakujua. Akasema, "Mimi nilitaka tu mcheke. Mlikuwa mnalia sana." Ni kweli, tulikuwa tunalia sana. Halafu akadai jogoo wa pili. Mnyamwezi ni Mnyamwezi.

Jana baada ya alasiri nikaita watu. Mwanahamisi mstari wa mbele. Maganga akatoka na ovaroli, anachechemea, anakohoa, akapanda kigoda. "Nimerudi kidogo, nimesahau kitu. Yale ya siku ile aliyasema Mnyamwezi mmoja mwenye njaa. Mimi marehemu sikusema lolote, na mnajua sisemi, tangu nioe sijapata nafasi. Huyu mke wangu domo lake limewasomesha na kuwavisha. Na Tatu asome anachotaka mwenyewe. Nikisikia mtu anamlazimisha, nitamtokea chooni."

Wote tukamtazama Mwanahamisi. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema, "Ni yeye. Ni kaka yangu kabisa. Hiyo ya chooni ni yake."

Tatu akasimama. Sauti ndogo. "Ahsante, babu. Nimeshajaza tangu asubuhi. Nimejaza uhandisi wa umeme."

Baba Rehema! Dada yako alipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. "Si nilisema! Si nilisema!" Maganga akatupa spana chini: "Sasa mmenivalisha gunia hili na joto lote hili la nini?" Watu wakaanza kucheka na hawakuweza kuacha. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi na khanga yangu mpya, nacheka.

Roho iliniuma kidogo, sikufichi. Nilitaka mmoja afuate mdomo wangu. Tatu akaja kunishika mkono aniinue, akaninong'oneza, "Ningejaza hicho hicho hata Maganga asingesema kitu. Ila nilitaka kiwe changu." Kisha akasema, "Na yule bosi wa bosi, bibi, hashiki waya, sivyo? Nitaanza na waya." Nikamtazama yale macho. Baba Rehema, yule mtoto atawaendesha watu.

Mengine ni mazima. Paa linavuja pale pale ulipoahidi kuziba. Baiskeli yako nampa Maganga, usibishe, ameitolea jasho. Chai natia sukari ninavyotaka sasa, hakuna wa kuinusa. Asubuhi namimina vikombe viwili kabla sijakumbuka, nakunywa vyote.

Nikuahidi jambo. Chuo kikifunguliwa nitampeleka Tatu mwenyewe, kwa treni ile ya umeme uliyoikataa ukasema haina moshi hivyo haina nguvu. Nitakaa dirishani, nitamwambia kila abiria kwamba huyu ni mjukuu wa fundi, na wa mama muuza wali. Nawe pumzika. Mungu akulaze pema, na udongo uwe mwepesi kwako kuliko ulivyokuwa mzito wewe kuinuka kitandani.

Sasa fanya hivi. Mwanahamisi ameanza kusema kwamba anakuota. Acha mara moja. Ukiwa na neno usilipeleke kwake, wala kwa Mnyamwezi. Njoo kwangu mwenyewe, mchana, useme waziwazi kwa mdomo wako, na ufute miguu mlangoni.

Mkeo,
Mama Rehema